Njoo Uchukue Paneli Zako, Baba Biasha

Mzazi mwenzangu,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Tiwi tu wazima, na Biasha anakusalimia. Gauni lake la Idd ya mwaka jana limeshakuwa fupi. Dada yako alipita juzi, akala, akanywa, akazungukazunguka na maneno hata mwisho akayatoa: "Wifi, kaka anasema anaitaka sola yake. Umeme wa Ukunda unamchosha, tokeni haikai." Nilimwambia nimesikia. Wewe nakujibu kwa barua, tena ya wazi, kwa sababu maneno uliyoniachia siku ya kuondoka uliyasemea mlangoni, majirani wote wakisikia.

Unakumbuka tulivyozipandisha paneli zile? Nguzo za umeme zilikuwa zimefika barabarani zikakwamia huko, nasi tumechoshwa na moshi wa kibatari. Fundi akataka zielekee kaskazini, zilale kidogo, mvua ipate kuziosha. Ukaangua kicheko: "Kaskazini si ndiko kibla! Basi hata paneli zetu zinaswali." Ulikuwa umekaa juu ya bati, jasho linakutoka, na mimi nimekushikia ngazi huku chini. Nilikupenda sana siku ile, sioni haya kusema. Balbu ilipowaka Biasha alipiga makofi, nawe ukatangaza kwamba jua ni la Mungu na bili haitatufikia kamwe.

Tukadhani jua likishaingia kwenye betri hakuna kazi lisiyoiweza. Asubuhi ya Idd ukatoa pasi ya umeme uliyoinunua Ukunda, ukaanza kunyoosha kanzu yako. Hata upande wa kulia hujaumaliza, inveta ikapiga kelele, nyumba nzima ikazimika. Kuwasha pasi ya mkaa hakukuwa na wakati, watu walishaanza kutoka kwenda kuswali. Ukaenda hivyo hivyo, kulia bwana harusi, kushoto mtu aliyeamka sasa hivi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, nawe ukacheka. Ndoa yetu ilikuwa na siku nzuri, Baba Biasha, na hizo sizikani.

Kisha ukanipa talaka yangu. Ulichukua televisheni, viti na mtungi wa gesi. Vya juu ya paa ulivitazama tu, ukasema, "Hizo kaa nazo. Masika moja hazivuki, na wewe utarudi kwa kaka yako Msambweni." Hilo ndilo lililoniuma. Nyumba hii imesimama kwenye shamba la marehemu mama yangu, lakini nyumba isiyo na riziki haikaliki, na riziki yangu ilikuwa kwenye friji langu dogo: barafu na juisi ya ukwaju. Sola ikifa, ningefunga mlango nikaishi chini ya kauli ya mke wa kaka.

Na masika ile nusura ikupe haki. Mawingu yalishuka yakakaa. Betri uliyoipata kwa bei ya kutupa ikavimba ikafa, juisi ikachacha, barafu ikawa maji sakafuni. Nililia, tena kwa sauti. Kwa hiyo mtu asije kunihubiria kwamba sola haina taabu. Jua likijificha huna wa kumpigia simu. Betri huzeeka, na mpya inauma mfukoni. Hewa ya chumvi inakula vichwa vya nyaya, popo wanachafua kioo, na mimi mwanamke mzima nikawa napanda ngazi na kitambaa mkononi, suruali ndani ya buibui, wazee wakigeuza nyuso.

Lakini nilijifunza. Friji nikawa naliwasha mchana tu, nikalijaza chupa za maji. Zikishaganda, ubaridi wake unavuka usiku bila kuigusa betri. Mawingu yakitanda nazima kila kitu isipokuwa friji na balbu ya Biasha ya kusomea. Nguo nanyoosha kwa mkaa mpaka leo. Nikauza, nikajibana, nikanunua betri ya maana, kisha inveta yako ilipoungua nikanunua nyingine, pamoja na nyaya mpya. Ramadhani iliyopita, kila baada ya alasiri, baraza ilijaa watu wanaotaka barafu ya futari na bodaboda wanaongoja simu zao zichaji. Hata wale wazee waliogeuza nyuso walituma watoto, na mabakuli makubwa kwelikweli.

Basi dada yako alipotoa ujumbe wako, nililigeukia friji langu. Bila paneli, friji ni kabati. Nilifikiri nikuombe, nikafikiri niwaite wazee watusuluhishe, na yote mawili yakanichefua. Nikamwita fundi.

Jana amepandisha paneli mbili mpya, nilizozinunua mwenyewe. Zako ziko barazani. Nimezifuta, nimezifunga kwa kanga kuukuu zisikwaruzike. Uliniambia nikae nazo, lakini ulizinunua wewe, na sina kinyongo. Ila nakwambia kwa wema, kabla hujakodi tuktuk: betri ni yangu, inveta ni yangu, na nyaya ni zangu. Paneli peke yake haiweki kitu. Itakupa umeme saa sita mchana, na magharibi ikiadhiniwa itakuacha gizani na mkeo mpya. Ukitaka kujua betri ipi inafaa, niulize, nitakuelekeza bure.

Kwa kaka sirudi. Njoo siku yoyote, Biasha atafurahi kukuona, na chai utapewa. Ukishapakia mzigo wako, simama pale uani unyanyue macho. Kila utakachokiona juu ya paa hili ni changu.

Nakutakia safari njema ya kuja na kurudi,

Mama Biasha