Jiwe Linalokohoa

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Anayekuandikia ni kaka yako, mwenye miaka themanini na miwili, niliyewazika wasimamizi wote wa machimbo walioniita mbishi, nikamzika wifi yako aliyenivumilia, nikamaliza nyundo zisizo na idadi, na yule daktari aliyesema mapafu yangu hayatanifikisha sitini, yeye ndiye katangulia. Mimi nipo, nakula, nabishana. Wewe je? Goti limepoa? Na shemeji yangu bado anakoroma mpaka majirani wanahama? Wasalimie wote. Hapa hatujambo, ila huu ukimya wako ndio unaotuuma.

Najua umenuna. Ulileta gari linipeleke hospitali nikatolewe mtoto wa jicho, mimi nikajifungia chooni mpaka dereva akachoka akaondoka zake. Ukapiga simu ukasema kama nataka kufa kipofu ni shauri yangu, na nisikuite tena dada. Haya, sijakuita dada, nimekuita mdogo wangu. Sasa kaa chini usome, maana kuna mambo.

Mjukuu wangu Chiriku unamjua, yule fundi cherehani ninayekaa naye, asiyefunga mdomo hata akiwa na pini ndani. Cherehani yake ameiweka sebuleni, televisheni iko mbele yake, anashona huku anatazama. Basi kashikwa na katuni moja ya Kijapani, mdogo wangu, katuni haina kitu! Hakuna anayepigana, hakuna anayeolewa, hata mwizi hakuna. Ni binti muuza miavuli anayeishi na shangazi yake. Siku moja jiwe lao la kuzuia mlango likaanguka likapasuka, ndani likawaka rangi, na tangu hapo binti akawa mwehu wa mawe. Anapanda mito, anachekecha mchanga, analala kifudifudi njiani akitazama kokoto. Kipindi kizima kiliishia kwenye kutafuta punje moja ya kijani, ndogo kuliko ukucha, na walipoipata walilia.

Nikamwambia Chiriku kwamba mimi nimevunja mawe maisha yangu yote na hakuna aliyenitia kwenye televisheni. Akanijibu kuwa mimi nilikuwa nayavunja, mwenzangu anayatazama. Nilitaka kumrushia kikombe, ila chai ilikuwa bado imo.

Lakini nikabaki kwenye kiti, na kesho yake nikarudi kwenye kiti. Picha naona ukungu tu wenye rangirangi, maneno Chiriku ndiye ananisomea. Ila sauti nasikia. Siku hiyo binti wa miavuli kagonga jiwe, na kabla hajalipasua mimi nikapiga kelele kwamba hilo ni tupu ndani. Likapasuka. Tupu kweli, na humo ndani, anasema Chiriku, kumejaa nyota. Akaacha kukanyaga cherehani akaniuliza nimejuaje.

Nikamweleza kazi yangu. Jiwe zima ukiligonga linalia kama kengele. Jiwe lenye uwazi tumboni linakohoa. Machimboni kwetu, jiwe linalokohoa halikuingia kwenye msingi wa nyumba ya mtu, tulikuwa tunalibingirisha korongoni kama lilivyo. Anayehangaika kulipasua tulimcheka, kwamba anapigana na maiti. Na sikio kama langu hakuna aliyekuwa nalo, hata wasimamizi wakishindwa waliniita mimi. Nusu ya korongo lile nimelijaza mwenyewe. Nilipomaliza kujisifu Chiriku alikuwa amenyamaza, na unajua huyo akinyamaza lazima kuna jambo. Akauliza polepole kama ni kweli korongo zima limejaa mawe ya namna ile, na hatukufungua hata moja.

Hata moja, nikasema. Basi nikasikia neno langu mwenyewe likinirudia.

Asubuhi tukaenda. Machimbo yamefungwa, majani yamepanda mpaka kwenye kibanda cha msimamizi. Chiriku akanishika mkono kuteremka, mimi nikamwambia aniache, nikaanguka, nikamwambia nimekaa kwa makusudi. Nikagonga jiwe moja, nikagonga la pili, nikalipata lililokohoa vizuri, kubwa kama kichwa cha mtoto. Nikalizungushia tindo taratibu, mstari mmoja, kama ninayekata mkate. Likafunguka vipande viwili sawasawa.

Nikangoja. Nikamwuliza kuna nini. Akasema zambarau, babu, zambarau mpaka chini. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye msibani au harusini, sikujua ni ipi. Nikainama, nikakodoa. Nikaona maziwa, mdogo wangu. Ukungu mweupe tu. Nikatikisa kichwa kama mjuzi, nikasema naam, zambarau safi sana hii. Chiriku akaniambia kwa upole kwamba natazama upande wa nje.

Akakichukua kidole changu akakiingiza ndani.

Sijui nikuandikieje. Ni meno. Meno ya baridi yamesimama wima, yamebanana, na kila jino lina pande zake zimenyooka, kona kali, ncha juu. Wanayaita fuwele. Wewe unajua hakuna aliyechonga jiwe likanyooka kama mimi, hata waliokuwa wakinichukia walikubali. Basi kidole changu kiliona haya. Hapo hapakupita nyundo wala tindo. Chiriku akanieleza alivyosema yule shangazi wa kwenye katuni, kwamba maji yanapenya jiweni kidogo kidogo, yanaacha chembe, yanaondoka, miaka isiyohesabika, na chembe inajipanga juu ya chembe. Hakuna fundi. Hakuna anayeangalia. Na humo ndani ni giza tupu, kwa hiyo rangi ile yote ilikuwa haijawahi kuonwa na jicho lolote tangu dunia ianze. Akasema sisi ndio wa kwanza.

Nikamsahihisha. Nikasema wa kwanza ni yeye.

Hapo nikakaa kwenye majani kweli, si kwa kuanguka. Nilikuwa mbele ya mlango uliofungwa tangu enzi, nimeufungua kwa mkono wangu, na mimi ndiye mtu pekee niliyebaki nje. Na korongo zima limejaa milango.

Sasa soma hapa vizuri, maana sitaandika mara mbili. Hospitali sikuikataa kwa ubishi. Niliogopa. Unamkumbuka mwenzangu wa machimboni, tuliyekuwa tunagawana tindo, alikwenda kutengenezwa jicho akarudi anashikwa mkono mpaka alipokufa. Nilikuwa nayaona maziwa yangu, nikasema bora maziwa kuliko giza. Watu wakaniita kichwa ngumu, nikafurahi, maana hakuna anayemwita kichwa ngumu mtu mwoga. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na ukitangaza nitakana.

Nimekwenda, mdogo wangu. Jicho la kulia limefanyiwa. Daktari ni binti mdogo, vidole kama vya mshona shanga. Nilipoanza kumwelekeza namna ya kushika chombo, nesi akaniambia mzee wangu, hapa siyo machimboni, nyamaza. Nikanyamaza. Walipofungua kitambaa, cha kwanza nilichoona ni uso wa Chiriku. Kumbe ana macho ya mama yetu, yale yale. Miaka yote hiyo namsikia tu.

Daktari kanikataza kuinama na kugonga, basi siku aliyonipa ruhusa ya kutoka, Chiriku kagonga yeye, hapa uani, jiwe jingine tulilobeba kutoka korongoni, mimi nimesimama nyuma nimevaa miwani ya plastiki, namfokea kama msimamizi. Jiwe likafunguka. Nikasema arudi nyuma, asitazame, safari hii ni zamu yangu.

Halikuwa zambarau. Lilikuwa jeupe, jeupe la maji, na ndani ya maji hayo nyuzi nyembamba za dhahabu, zimesimama tu. Ukiligeuza kidogo mwanga unakimbia kutoka jino hadi jino. Ukilirudisha, unarudi. Nililigeuza na kulirudisha mpaka chai ikapoa. Maneno yote niliyowahi kujisifia nayo hayakunifaa kitu. Jicho langu hili, la mzee huyu, ndilo la kwanza.

Jicho la kushoto wanataka kulifanyia nikiwa tayari. Nipo tayari, ila mkono wa kushikwa nikiingia mle ndani nataka uwe wako. Gari ulilete wewe mwenyewe. Chooni sijifungii tena. Kuna jiwe linalokohoa sijalipasua, nimekuwekea, ulitazame kwanza wewe kabla ya mtu yeyote.

Ni mimi kaka yako mkubwa, nimeandika kwa mkono wangu na kwa jicho langu.

Ukiona nimezidisha chumvi, muulize Chiriku, aliyekuwepo tangu mwanzo. Muulize nesi wa wodi ya macho, atakwambia nilinyamaza kweli. Na muulize jirani yetu muuza mkaa, aliyechungulia juu ya ukuta siku ile akaniona nalia, nikamwambia ni vumbi, naye akaangalia lile jiwe, akavua kofia.