Sauti ya Baba Njeri

Jumatatu, 3 Machi
Nimeweka kredo kwenye laini ya Maina. Naiwekea kila mwezi, isije kampuni ikampa mtu mwingine namba ya marehemu mume wangu. Iko kwenye kabambe yangu, simu ndogo ya vitufe, pamoja na laini yangu. Haipigwi. Jioni tumekula githeri. Mvua bado.

Jumatano, 5 Machi
Njeri ameniuliza baba yake alikuwa anaongeaje. Hakuwa amefikisha miaka miwili lori la mbao lilipoanguka na baba yake. Nikajaribu kumuigiza. Nikasikika kama mwanamke mwenye homa. Njeri akacheka. Mimi sikucheka.

Kuna video. Maina anamfundisha kutembea uani, anamwita "mheshimiwa." Nyingine anaimba bafuni, vibaya sana. Simu ilienda kwa mdogo wake wa kiume siku ya kugawa vitu vya marehemu, lakini Maina aliniambia picha zake zinajihifadhi mtandaoni. Hata simu ipotee, alisema, ziko.

Ijumaa, 7 Machi
Password siijui. Kijana wa cyber hapa Elburgon anasema hiyo si shida, namba ya siri itatumwa kwa laini ya Maina. Laini ninayo! Kesho, stima ikirudi. Furaha imenifanya niunguze chapati.

Jumamosi, 8 Machi
Akaunti imefunguka. Tupu.

Kijana alitafuta kila mahali. "Pole, mathe. Mtu alidelete kwa simu. Zikitoka kwa simu, huku mtandaoni pia zinaenda. Na imekaa sana, haziwezi rudi."

Namjua huyo mtu. Ni Tabitha, wifi yangu. Siku ile ya kugawa vitu alifua mashati yote ya kaka yake, akapaka viatu rangi, kisha akakaa na simu jioni nzima akifuta picha na video moja moja, ili atakayeichukua apewe kitu kisafi. Nami nilimshukuru. Nilimkumbatia kabisa.

Leo nimemchukia kutwa nzima. Nimelia jikoni mpaka maji ya ugali yakakauka. Njeri hatawahi kuisikia ile sauti. Basi.

Jumapili, 9 Machi
Tabitha alipitia hapa kutoka kanisani. Alileta viazi. Alikuwa amesikia nilienda cyber. Akaniuliza kama nimezipata zile video, maana anatamani kumsikia kaka yake hata mara moja tu.

Nilimwangalia. Amekonda.

Nikamwambia akaunti ilikataa kufunguka. Akanishika mikono, akafumba macho, akamwomba Mungu aifungue. Aliomba kwa muda mrefu, akilia.

Nikasema amina.