Baba Aliyebaki Msituni

Jumanne, Nakawa

Sijaupenda mwisho wa riwaya ya mume wangu hata kidogo. Nilimwambia Okello hivyo tukila, naye akaacha kula.

Ni hadithi ya mwanamume anayemtafuta mwanawe katika msitu ambao miti yake huhama. Anavuka mito inayopanda mlima, anapigana na nyani wanaomwita kwa jina la baba yake. Sura za mwanzo zilinichekesha. Leo mume wangu amenisomea ya mwisho: yule mtu anampata mtoto, anambembeleza mpaka analala, kisha anaondoka peke yake na miti inaziba njia.

"Kwa nini asirudi naye nyumbani?"

"Nimejaribu kuandika hivyo, imekataa. Mzee wangu alipoingia porini na jeshi nilikuwa mdogo. Sijui baba anayerudi huingiaje mlangoni, wala husema nini."

Nilijua kwamba baba yake hakuonekana tena. Sikujua kwamba bado anamngoja.

Mtoto akacheza tumboni. Nikaushika mkono wa Okello niuweke hapo, akauvuta taratibu, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Sasa amegeukia ukuta. Labda amelala. Zimebaki wiki chache nijifungue, nami naogopa kitu ambacho siwezi hata kumweleza mama.

Kabla hajageuka nilimwomba twende wote sokoni kununua kitanda cha mtoto.

"Nenda na dada yako," akasema. "Mwambie fundi akuonyeshe namna ya kukiunganisha, uweze mwenyewe."