Hukumu ya Gemu Nne

Nyumbani, juu ya duka la vioo,
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima, ninakutangazia rasmi kwamba kuanzia jana jioni ni marufuku kwa mtu yeyote wa nyumba hii kupiga risasi pipa jekundu. Amri hii haina rufaa. Sababu zake utazikuta huko mbele, maana nikianza nazo Mama atasema sina adabu hata ya kusalimia.

Basi salamu kwanza. Hujambo? Lile koo limepona? Unakula umekaa, au bado unakula umesimama kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake? Sisi huku wazima kabisa. Goti la Mama limeanza kukunjika vizuri tangu wamfanyie upasuaji. Anapanda ngazi bila kushika ukuta, ila mgeni akija hulishika goti na kuguna ili asinyang'anywe kiti chake. Wifi yako hajambo, na cherehani yake haijambo. Mimi kazi ni ile ile ya kutengeneza friji. Watu hawajaacha kutia sufuria za moto ndani yake, nami sijaacha kuwaombea maisha marefu.

Kifurushi chako kilifika salama: mashine ya gemu, padi mbili za kuchezea, gemu zenyewe nne, na soksi za Mama. Asante sana. Mama alizivaa soksi siku hiyo hiyo na hajazivua ila kwa kufua. Mashine tumeiweka sebuleni, pale ilipokuwa redio ya marehemu Baba, na redio tumeihamishia juu ya kabati ambako inatutazama.

Nitakuambia kitu ambacho sitakirudia. Kabla ya kifurushi hicho, nyumba hii ilikuwa kimya. Kila mtu jioni na kona yake na simu yake, na Mama kitandani anahesabu mbao za dari. Sasa tunabishana kwa sauti mpaka mwenye duka la vioo alipanda kutuuliza kama kuna ugomvi. Wifi yako akamwambia, "Hapana baba, tunaburudika." Akashuka akitikisa kichwa. Hata Baba Mdogo anakuja kila siku. Unajua tangu alipostaafu kuendesha lori hakuwa na mtu wa kumlaumu barabarani. Sasa amepata.

Nije kwenye ombi lako. Uliandika kwamba moja kati ya hizo gemu nne ni yako, umeitengeneza na wenzako watano kwa miaka miwili, na kwamba mwisho wa mwezi huu wakubwa wako watakaa kuamua iendelee au ifungwe, kwa sababu wanasema gemu za aina hiyo zimechuja, watu wamezichoka. Ukakataa kusema ni ipi. Ukataka watu wa nyumbani wacheze, kisha mimi nikuandikie ukweli bila kukuonea haya: ipi imechuja?

Ombi zuri, mdogo wangu, ila ulisahau ni nani unaowaomba. Hakuna aliyecheza kwa kucheza tu. Wote wakageuka wapelelezi.

Mama akaamua kwamba yako ni ile ya shamba, eti kwa sababu ulipokuwa mdogo uliotesha haragwe kwenye kikombe chake cha chai. Baba Mdogo akaapa ni ile ya shujaa mwenye upanga na ramani kubwa, kwa kuwa barabara zake zimechongwa vizuri na wewe yeye ndiye aliyekufundisha kutazama barabara. Wifi yako alisema ni ile ya mtu anayerudi kwenye nyumba tupu ya wazazi wake kufungasha vitu kabla haijauzwa. Ushahidi wake ni kwamba yule mtu anakunja mashati sawasawa, na wewe kukunja alikufundisha yeye wifi yako. Binti yetu akasema shangazi yake anaijua hofu, basi yako ni ile ya mazombi, wale wafu wanaotembea.

Baada ya hapo, nani angethubutu kusema neno? Wifi yako alijisahau mara moja tu.

"Mbona hawa mazombi ni wale wale tu?"

"Mama! Kama ni ya shangazi je?" binti akamfokea.

"Nimesema ni wale wale kwa maana nzuri," akajibu haraka. "Wamelelewa pamoja."

Siku nne tuliishi hivyo, tunasifu kila kitu. Mama alisifu kabichi. Baba Mdogo alisifu vumbi. Nikaona mwisho wa mwezi unakuja na mimi sina la kukuandikia isipokuwa pongezi, na pongezi huko ulipo nadhani mnazo za kutosha.

Kwa hiyo jana mchana, wakiwa wote sebuleni, nikadanganya. Naomba unisamehe mapema. Niliingia na simu mkononi, uso nimeutengeneza, nikawaambia umenipigia na umesikitika sana: waliofungasha walichanganya, gemu yako haimo katika hizi nne, itakuja siku nyingine. Hizi ni za watu tu, za madukani.

Mama akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

"Afadhali," akasema. "Sasa niseme. Lile shamba ni upuuzi. Kabichi gani inamwagiwa maji mara moja ikakomaa? Na yule jirani kila asubuhi anadai zawadi. Mtu mzima, hana kazi?"

Ikawa kama bomba limepasuka. Nilijifanya mwenyekiti, nikagonga meza kwa padi, lakini sidhani kama kuna aliyeniona.

Wifi yako akamvamia shujaa wa upanga. "Dunia inakwisha, yeye ndiye wa kuiokoa, halafu bibi mmoja anamsimamisha amtafutie sufuria yake iliyopotea. Naye anakwenda!"

"Mwache, ana adabu," akasema Baba Mdogo.

"Adabu gani! Akirudi na sufuria, kuna mwingine anatafuta mbuzi. Ramani nzima alama za kuuliza, kama uso wenye tetekuwanga."

Baba Mdogo akakubali kwa shingo upande. Alisema barabara ni nzuri, hilo halibadilishi, ila siku hizi kila gemu inataka iwe kubwa kuliko jana, na ukubwa wenyewe ni wa kupita tu, hakuna pa kusimama. Hapo ujue kwamba yeye husimamisha farasi kwenye kila njia panda akatazama kulia na kushoto, hata joka likiwa mgongoni. Ameliwa mara nyingi, lakini hajawahi kuvunja sheria.

Kwa mazombi alikuwa mkali zaidi. "Nimebeba mafuta tangu nina nywele," akasema, "hakuna hata siku moja niliyoambiwa nishushe pipa katikati ya watu wanaopigana. Humu kila kona pipa jekundu. Unapiga, linalipuka, wote chini. Sasa huo ni ushindi au ni uzembe wa mwenye ghala?" Wifi yako akamuunga mkono, akaongeza la makoti. Anasema ndani ya gemu ile kuna duka la kuuza makoti kwa pesa za kweli, na koti lenyewe halina mshono wala huwezi kwenda nalo harusini. Kama fundi, alichukulia hilo kuwa matusi.

Ndipo binti akaigeukia nyumba tupu. "Baba, gemu za huzuni zimezidi. Mtu anatembea polepole, nje mvua. Anaokota picha, anaitazama. Kinanda kikianza tu, ushajua kuna aliyekufa."

"Na kwa nini hakimbii?" Mama akadakia. "Nyumba ni ya kwao, anaijua. Anatembea kama mimi siku nilipotoka hospitali! Afungashe, aondoke, watu walale."

Walicheka mpaka Mama akalishika goti, na safari hii hakukuwa na mgeni. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo. Hilo peke yake, mdogo wangu, lilitosha kulipia mizigo yote uliyotuma, na kama barua hii ingekuwa ya shukrani tu ningeishia hapo.

Tukapiga kura. Shamba na upanga vilisamehewa kwa onyo. Kwa iliyochuja kuliko zote, Baba Mdogo na wifi yako walichagua mazombi, Mama na binti wakachagua nyumba tupu. Mbili kwa mbili. Kura ya mwenyekiti ikabaki kwangu, na wote wakanitazama. Niliipa nyumba tupu. Hoja za binti hazikuwa na jibu, na hata mimi kinanda kile kimenichosha.

Baada ya hukumu kusomwa ndipo nikawaambia ukweli: hukupiga simu, na gemu yako imo. "Wewe," Mama akasema, "ulizaliwa mzee." Kisha wote wakaanza kujirudi. Kabichi zikawa zinavutia ukizitazama kwa makini. Makoti yakawa na rangi nzuri. Baba Mdogo akakumbuka kwamba aliwahi kuona pipa jekundu kweli, mahali fulani. Nikawaambia kikao kimefungwa na yaliyosemwa yamesemwa, isipokuwa ile amri ya mapipa iliyoongezwa kwa shangwe mwishoni.

Hayo ndiyo majibu yako, na yako imo ndani yake. Sijui ni ipi, wala usiniambie kabla hujaisoma barua hii mara mbili. Kwa maoni yangu, ambayo ni ya fundi friji na uyapokee hivyo, hakuna aina ya gemu inayochosha yenyewe. Kinachochosha ni mtu kujua kitakachotokea kabla mtengenezaji hajakifikiria. Ukiwa na hakika kwamba ulikifikiria, waambie hivyo wakubwa wako, tena usiwaambie ukitazama sakafu kama unavyofanya.

Asante pia kwa kutuuliza. Nyumba hii haijawahi kuombwa maoni na mtu yeyote, isipokuwa yule fundi wa kupaka rangi, naye baada ya kutusikiliza wote alipaka aliyokuja nayo. Wewe una wataalamu huko, wana shule na miwani, na bado ukataka kujua Mama anaonaje. Mama hajasema kitu kuhusu hilo. Ila nimemsikia akimhadithia mwenye duka la vioo kwamba kuna kazi alipewa kutoka ng'ambo.

Mama anakusalimu na anauliza kama soksi zipo za rangi nyingine. Wifi yako anakusalimu, anasema ukija uje na vipimo vyako, si vile vya zamani. Binti yetu anakukumbatia. Baba Mdogo anasema ukivuka barabara huko utazame kulia na kushoto, hata kama wao wanatazama upande mmoja. Wasalimie na wenzako watano, uwaambie kuna watu wasiowajua wanaowatakia mema.

Mungu akupe usingizi mzuri kabla ya kikao na maneno mazuri ndani yake. Likitokea lolote, chumba chako kipo, na ni cha kwako, uwe na kazi au usiwe nayo.

Ndimi wako akupendaye daima,

Kaka yako.

Nusura nisahau: katika zile nne, gemu iliyochezwa mpaka mwisho hapa nyumbani ni moja tu, ya nyumba tupu, na aliyeimaliza ni mimi.