Ukoko wa Kichungu cha Mama

Hải Dương, Machi 1994

Kaka yangu Khoát,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto, nikitumaini Saigon inawalea vyema. Sisi huku tunasukuma siku. Manyunyu hayajakatika tangu Tet, sikukuu ya mwaka mpya, na nguo hazikauki.

Umeuliza kama mama amekifurahia kichungu chake cha chokaa ya tambuu ulichokisugua kwa siki na kisu kabla ya kuondoka. Ameniagiza nikujibu kwamba kinang'aa, maua ya buluu yanaonekana hadi kwenye kishikio, na yule rafiki yako wa Hanoi alisema kweli, ni kauri ya kale. Hayo ndiyo aliyonituma. Yanayofuata ni yangu, na usiseme nina mdomo.

Ulipoondoka tu, jirani yetu Bi Thược alikuja kula tambuu, akakiona, akacheka kwamba mwana wa mama amemnyoa Babu ndevu. Kaka, mji umekusahaulisha kwamba kichungu cha chokaa tunakiita Babu, na ukoko wa chokaa iliyokauka mdomoni mwake hauguswi hata uzibe tundu? Mama naye alicheka. Tangu hapo hajala tambuu. Nikimkatia popoo husema meno yamechoka, na uji anauacha nusu bakuli.

Kisha nikawa namkuta nyuma ya jiko, kwenye migomba, amechutama matopeni anachokoachokoa kwa kijiti. Nilidhani akili inamtoka. Juzi nikamkemea kama mtoto, nikamwambia baridi itamuua. Ndipo akanieleza.

Asubuhi ile baba alipokwenda vitani, wewe ukiwa mgongoni mwa mama, mimi tumboni mwake, alimjazia kichungu chokaa mbichi. Ikafurika mdomoni mwa kichungu, akaifuta kwa dole gumba, ikakauka na alama yake. Tangu hapo mama alichota chokaa kwenye kopo. Kichungu alikigusa tu kila alfajiri, dole gumba lake ndani ya alama ile. Mwili wa baba haukurudi, unajua. Kaburi hatuna. Alikuwa na alama hiyo tu.

Mama hakulaumu. Anasema ulitaka kumpendezesha. Mimi nilikulaumu, kisha nikakulilia. Ana swali moja, nami nimemwahidi kukuuliza kwa upole: ule ukoko ulioukwangua uliumwaga wapi? Kama si migombani, ni wapi? Jibu upesi, kaka, mvua bado inanyesha.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwakumbatie kwa niaba ya bibi yao.

Mdogo wako,
Mận