Swali Langu Kinywani mwa Msa

Moroni, Alhamisi alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ikakatika, sasa imerudi. Nami hivyo hivyo: nakaa, nasimama, nakaa tena. Mwenye duka hili la intaneti, hapa karibu na soko la Volo Volo, amekwisha niuliza kama kompyuta ina tatizo. Tatizo si la kompyuta.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyozeekea. Nilizaliwa Mutsamudu, nikaondoka kijana, nikafundisha Mombasa mpaka nikastaafu. Sasa, na mvi kichwa kizima, nimerudi visiwani nikiwa mwanafunzi wa uzamivu. Utafiti wangu ni rahisi kuueleza: wazazi wana sauti gani katika shule ya kijiji chao? Nusu nilikusudia kuifanya Vouvouni, kusini mwa Moroni, ninakoishi; nusu nyingine Mutsamudu na Patsy, kijiji cha mlimani juu yake. Lakini kisiwa chao, Nzwani, kimejitenga. Meli hazivuki, ndege hazivuki, na kila redio inazungumzia askari. Dada yangu yuko ng'ambo ile. Simu ikishika huniuliza nimekula nini, kisha inakatika.

Kwa hiyo nimebaki na Vouvouni tu. Na juzi niliiharibu.

Mambo ya kijiji huamuliwa kwenye bangwe, uwanja wenye mabenchi ya mawe. Anayesema pale ni mwanamume aliyefanya harusi kuu, ile wanayoiita ada, akalisha mji mzima. Ambaye hajaifanya ni mtoto, hata awe na wajukuu. Mimi nilioa Mombasa, kwa sinia la biriani na sharubati. Basi mimi ni mtoto. Husimama nyuma na vijana, kinasa sauti mkononi, na wazee hufurahi sana. "Mtoto wetu mwenye mvi," huniita. Juzi kijana mmoja alitaka kunisogezea kigoda, mzee akamkemea: "Usimpe kiti huyo, atadhani ameoa!"

Maswali yangu huulizwa na Msa. (Majina ya watu wote nimeyabadilisha.) Msa nilimfundisha hesabu alipoletwa Mombasa kusoma kwa ami yake. Leo ndiye mwenyeji wangu, na kwa kuwa alifanya ada mwaka jana, bangweni yeye ndiye mkubwa na mimi ndimi mdogo. Nilimpa swali moja, nikamsihi alitoe kama lilivyo: Nani anaamua mwalimu gani afundishe watoto wa hapa?

Lilikuwa swali safi. Nililisugua wiki nyingi, nikiondoa kila neno linaloelekeza jibu. Msimamizi wangu alilisifu.

Msa akasimama, akaliuliza. Kisha mzee wa benchi la mbele akasema taratibu, "Ehe. Hilo ndilo swali. Nani aliamua yule Mnzwani atufundishie watoto?"

Sikuwa nimemfikiria hata kidogo.

Yule Mnzwani ni Siti, mwalimu wa darasa la pili. Kwao ni Patsy. Aliletwa na serikali kabla ya mgogoro, na hakuna aliyewahi kuuliza anatoka wapi. Kabla sijameza mate, walikuwa wanajadili namna ya kumwondoa. Wachache walimtetea, kwa sauti ndogo. Mmoja akataka kujua kama huko Nzwani amebaki mwalimu hata mmoja wa Ngazija, kisiwa hiki. Wakaahirisha: shauri litakatwa kesho, baada ya sala ya Ijumaa.

Taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa ikiwaka muda wote.

Nakiri hapa, maana sina pengine pa kukiri. Nilipokuwa nikisikiliza, kuna sehemu yangu iliyofurahi. Katika mahojiano yangu yote sikupata kitu kama kile: wazazi wenye sauti, na sauti inatumika. Ilikuwa sura nzima ya tasnifu. Nilikuwa nimeanza kuitafutia kichwa.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Siti kumwomba radhi, na kumwambia kwamba Ijumaa nitasema mwenyewe. Mtoto anayepaza sauti bangweni hutozwa faini, na baada ya hapo hakuna mzee wa Vouvouni atakayenijibu tena. Utafiti utakuwa umekwisha huku pia. Nilikuwa tayari. Nadhani nilikuwa tayari.

Nilimkuta akianua nguo, wingu likija.

"Bakoko," akasema, ndivyo kwetu tunavyomwita babu, "wewe ni wa wapi?"

"Mutsamudu."

"Basi kaa kimya. Ukisimama wewe, tutakuwa Wanzwani wawili. Sasa niko mmoja, na mmoja wamemzoea."

Nikamwuliza, wakimwondoa atakwenda wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa ajili ya utafiti.

"Kwani kuna meli?"

Chumba anacholala ni cha shule. Darasa likiondoka, chumba kinaondoka nalo, na nyumbani kwa mama yake hakufikiki. Nilimsaidia kukunja shuka. Hakuna kingine nilichomfanyia.

Leo mchana, tukila, nilimgeukia Msa.

"Uliniambia neno kwa neno, Mwalimu," akaniwahi. "Nikasema neno kwa neno."

"Sasa sema la kwako."

"La kwangu?" Akashusha sauti. "Hicho kiti nimekipata juzi juzi tu. Nikianza na kumtetea Mnzwani, watasema ndiyo maana ninamlaza Mnzwani nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwa nani?" Huyo alikuwa Amina, mkewe, kutoka jikoni. Huku nyumba ni ya mke, mume huhamia. "Mwanangu alikuwa hajui herufi. Leo ananisomea maandishi ya kopo la maziwa. Wewe nenda kakae kwenye kiti chako. Ukirudi kesho hujasema neno, chakula utakula huko huko juu yake."

Msa alicheka, peke yake. Kisha akaendelea kumchambua samaki wake mpaka ukabaki mwiba mtupu.

Nilipokuwa njiani kuja hapa mjini nilianza kumtungia swali jingine. Lilikuwa linakuja vizuri, fupi, la haki, lisiloegemea upande. Nikaliacha: lingekuwa tena langu kinywani mwake.

Ile sura sijui kama nitaiandika. Nikiiandika, itaanza na mtu aliyeuliza swali, hata msimamizi wangu asipopenda. Kesho nitasimama nyuma na vijana kama kawaida, mikono mitupu. Kinasa sauti kitabaki sandukuni.

Kabla sijaondoka kule nyumbani, Msa alinisindikiza hadi mlangoni. Akasimama pale, haondoki, akinitazama vile vile alivyokuwa akisimama mbele ya meza yangu Mombasa, anangoja nimwonyeshe hatua inayofuata. Jibu nilikuwa nalo.

Nikamwambia aingie ndani, mvua inarudi.