Kampuni Mbili, Ngazi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi kaniita. Matawi yetu matano ya miwani yaunganishwe upya na makao makuu. Wiki iliyopita mtandao ulikatika katikati ya kutuma vipimo, mteja wa tawi la tatu akatengenezewa miwani ya babu wa tawi la tano. Katoka dukani kwa kupapasa! Chagua njia wewe, kasema mkurugenzi. Ukipatia, kitengo cha kompyuta ni chako. Ukichemsha, shemeji yangu anauza madishi ya setilaiti.

Miaka sita nakaimu kitengo hiki. Nakitaka!

Jumanne, 4 Machi

Laini binafsi ya kukodi — imara, ila mpaka waje kuichimbia ni miezi minne. Dishi — mvua ikinyesha, tuonane jua likitoka. Nimeamua: intaneti ya faiba, kampuni mbili tofauti. Moja ikianguka, nyingine inadaka. Shemeji wa mkurugenzi kacheka, eti nina mbwembwe. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi

Kikaoni nimesema, mbele ya wote, hata dunia ipinduke hatukatiki. Jumatatu saa nne mkurugenzi ataongea na matawi yote kwa video. Mume wangu kasema ningeweka akiba ya maneno. Anajua nini kuhusu mtandao, huyu?

Jumamosi, 8 Machi

Mafundi wa kampuni zote mbili wamekuja kufunga makao makuu. Na ngazi moja! Huyu anapanda, yule anashika. Nikauliza, nyie si washindani? Wakacheka. Ofisini ndiyo, dada, kasema wa juu. Huku wote tunapita kwenye waya mmoja wa kukodi, nguzo moja. Ile ya getini, iliyoinama.

Nguzo hiyo ikianguka, kampuni zote mbili zinakatika. Naogopa kumwambia mkurugenzi. Jumatatu ipite kwanza, nitasema Jumanne.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne na dakika tano. Naandika nimeegemea nguzo. Jirani anajenga, na lori la mchanga linarudi kinyumenyume kuja hapa hapa. Dereva kachungulia: mama, sogea. Sisogei, niko kikaoni. Kikao gani barabarani? Cha video, nikamjibu. Kazima gari, anajikuna kichwa.

Dirisha la juu liko wazi. Nasikia matawi yanasalimia moja moja, mkurugenzi anacheka kwa raha. Shemeji yake, aliyekuja kushuhudia nikichemsha, kachungulia — kaniona mimi, kaona nguzo, kaona waya. Ameshaelewa! Anashuka mbio.

Hakuja kwangu. Kaenda nyuma ya lori, anapunga mikono: njoo, njoo, nafasi ipo!

Injini imewaka. Tawi la tatu linasalimia. Bado mawili. Kwa mkono mmoja nimekumbatia nguzo —